Kireno Kando ya Kazi Yako: Maneno kwa Vijana wa Malindi na Wazazi Wao

Assalaam aleikum. Wazee wangu, kina mama, walimu, na nyinyi vijana mliomaliza kidato cha nne mkawa mnangojea kuitwa vyuoni, nawasalimu nyote.

Aliyeniomba nije alitaka nizungumzie uvuvi, maana takwimu za samaki ndizo zinazonipa riziki. Nimemtaka radhi. Habari za samaki mkishuka ufukweni alfajiri mtazipata, tena kwa watu wanaozijua kuliko mimi. Leo nimekuja na ombi ambalo najua baadhi ya wazazi humu wataliona la kipuuzi: kijana wa Malindi akienda chuo kusomea uuguzi, sheria, uchumi, ualimu au kompyuta, asome na Kireno kando yake.

Nimesikia vicheko huko nyuma. Chekeni tu, kisha mnisikilize.

Nimesema kando, na sikuteleza ulimi. Mimi nilisomea Marekani, jimbo la Massachusetts. Kule shahada ina somo kuu, ndilo linalokupa jina: huyu mwanauchumi, yule mhandisi. Anayetaka huongeza somo la kando. Ni kama kozi tano au sita, zinagawanywa katika miaka yote ya chuo, na zinaandikwa kwenye matokeo yako. Katika Kireno unaanza na lugha yenyewe, kusema na kuandika, halafu unaingia katika historia, fasihi, filamu na muziki wa nchi zinazokitumia. Somo langu kuu lilikuwa uchumi. Kireno nilikichukua kwa sababu ya mahali nilipokuwa. Kusini mwa jimbo lile kuna miji ya New Bedford na Fall River, na huko wamejaa watu wenye asili ya visiwa vya Azores na Cabo Verde. Babu zao walichukuliwa na meli za kuwinda nyangumi katika karne ya 19, wengine wakaja baadaye kwa ajili ya viwanda vya nguo. Ukiingia dukani kununua mkate unasikia Kireno kwenye kaunta na Kikrioli cha Cabo Verde kwenye foleni. Kwa hiyo walimu wetu hawakuhangaika kutafuta mazoezi. Walitutuma kwa wazee bandarini tukaongee nao, turudi na kurasa mbili.

Sasa, kwa nini lisiwe somo kuu? Nitasema wazi, kwa sababu wazazi wanalipa karo na wana haki ya kusikia. Shahada ya Kireno peke yake, hapa Kenya, sioni ni nani anayekungojea nayo mlangoni. Lakini muuguzi mwenye Kireno, mwanasheria mwenye Kireno, mhandisi wa gesi mwenye Kireno, hao wana kazi mkononi na wana mlango wa ziada ambao wenzao hawana. Siwaahidi ajira. Mtu akikuahidi ajira kwa sababu ya lugha, mwulize anauza nini.

Lipo swali la pili, nalo ni la hapa hapa mjini: kwa nini Kireno wakati Malindi inakula kwa Kiitaliano? Swali zuri. Waitaliano wako nasi tangu enzi za kurusha roketi pale Ngomeni miaka ya sitini, na hoteli zikafuata. Vijana wa ufukweni wamekijua Kiitaliano kwa masikio tu, bila mwalimu, bila daftari, na mimi nawapa heko, maana kuna wenye shahada za lugha ambao hawawezi kupatana bei kama wao. Ila mpe kijana huyo huyo mkataba wa kurasa tatu wa Kiitaliano. Ataugeuza, ataurudisha. Lugha aliyoipata inaishia mahali biashara ya ufukweni inapoishia. Kusoma lugha chuoni ni jambo jingine: unafundishwa kuisoma barua, hukumu, shajara ya miaka mia tano, na gazeti la jana. Na hapo ndipo Kireno kinapotuhusu sisi kuliko kinavyowahusu watu wa Nakuru au Kisumu.

Msinitarajie nianze na meza, bendera na leso, maneno ambayo Kiswahili kiliyakopa kwenye Kireno. Kila anayekuja kuzungumza habari za Wareno hapa pwani huanza na maneno hayo, hupigiwa makofi, akaenda zake. Mimi nataka kuzungumza juu ya karatasi.

Ile nguzo ya Vasco da Gama mnaijua. Wageni wanapigwa picha pale, na sisi tukitaka kuwaeleza chochote tunawasomea kibao. Lakini mtu mmoja aliyekuwa katika msafara ule wa 1498 aliandika shajara. Jina lake hakulitia, wengi hudhani ni Álvaro Velho. Anasimulia walivyofika Mombasa wakashukiana na wenyeji, wakaja kwetu mwezi wa Aprili, mfalme wa Malindi akawapokea na kuwapa rubani, na Mei wakawa wamefika Calicut, India. Anaueleza mji wenyewe: uko kando ya ghuba, nyumba zake ni ndefu, zimepakwa chokaa vizuri, zina madirisha mengi. Anaufananisha na Alcochete, mji mdogo ulio ng'ambo ya mto kutoka Lisbon. Fikirini. Mtu katoka Ulaya, kaja Afrika, kaona mji, akakumbuka nyumbani.

Tafsiri ya Kiingereza inayotumiwa zaidi ya shajara ile ilitoka 1898, kazi ya Ravenstein, mwanajiografia hodari. Humo mnaambiwa kwamba Malindi ilizungukwa na mashamba ya mahindi na mboga. Mahindi, mwaka 1498! Mkulima yeyote kutoka Magarini angeinua mkono. Mahindi yalitoka Amerika, na Columbus alikuwa amefika kule miaka sita tu kabla. Mreno aliandika milho, na leo kwake milho ni mahindi, lakini wakati ule neno lilikuwa la mtama, uwele na nafaka za namna hiyo. Mtafsiri alichukua maana ya siku zake akaipanda kwenye mashamba ya babu zetu. Vitabu vinavyotegemea tafsiri ile vinaendelea kuvuna mahindi hayo. Nafaka tu, mtasema. Haya, leo nafaka. Kesho ni nani aliyeuza, nani aliyelipa kodi, nani aliyeitwa mwasi. Kama hatuna hata mtu mmoja wa kurudi kwenye karatasi yenyewe, tutakubali lolote tuliloletewa.

Na karatasi ziko. Ziko Lisbon, kwenye hifadhi ya taifa ya Torre do Tombo, ingawa tetemeko la ardhi la 1755 liliangamiza nyaraka nyingi za biashara ya mashariki. Ziko Goa, India. Hapo Goa ndipo zilipohifadhiwa barua za Kiswahili za zamani kabisa zinazojulikana. Ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa hati ya Kiarabu, zikapelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Nataka wanafunzi wa Kiswahili mlitafakari hilo. Barua kongwe za lugha yetu hazikuhifadhiwa Lamu wala Zanzibar. Ukitaka kuzielewa sawasawa, ujue Kiswahili cha kale na hati ya Kiarabu, halafu ujue na Kireno cha yule karani aliyezipokea. Lamu na Malindi tunao watu wa mambo mawili ya mwanzo. La tatu ndilo tunalolikosa.

Niwape na habari ya Yusuf bin Hasan, kisha nitaondoka kwenye historia, maana naona kina mama wanatazama saa. Huyu alikuwa wa ukoo wa wafalme wa Malindi, ule ambao Wareno waliuhamishia Mombasa walipoanza kujenga ngome yao pale 1593. Baba yake aliuawa 1614. Mtoto akachukuliwa, akapelekwa Goa, akalelewa na mapadri, akabatizwa, akapewa jina la Dom Jerónimo Chingulia. Akarudishwa awe mfalme wa Mombasa. Agosti 1631 akaingia ngomeni na watu wake, akamwua kapteni, akarudi kwenye Uislamu, na Wareno wa mji ule wakaisha. Sasa tumelijuaje jambo hili kwa undani? Kwa sababu kanisa kule Goa lilikusanya ushahidi wa kiapo ili waliouawa watangazwe mashahidi wa dini. Yaani habari za kijana wetu tunazo kwa vinywa vya waliowalilia aliowaua. Ushahidi ule usomwe, tena usomwe na mtu anayejua Kireno na anayejua Mombasa, ajue pale shahidi anaposema kweli na pale anapoongeza chumvi. Profesa wa mbali atajua la kwanza. La pili analijua mtu wa kwao.

Kuna mzee mmoja, aliponisikia nikisema haya barazani, aliniuliza: Wareno waliichoma Faza 1587, wakamkata kichwa mtawala wa Lamu 1589, na wewe unataka watoto wetu wajifunze lugha yao? Nilimjibu kwa heshima kwamba mambo hayo mawili aliyoyataja, na miaka yake, yameandikwa na Wareno wenyewe. Wahenga walisema Mgala muue na haki yake umpe. Haki ya Mreno ni kwamba aliandika. Hakuandika kwa mapenzi yetu, aliandika kwa ajili ya mfalme wake na kodi yake, lakini aliandika.

Tena Kireno si mali ya Ureno peke yake siku hizi. Ureno ina watu kama milioni kumi. Brazili ina zaidi ya milioni mia mbili. Na Afrika ziko nchi tano zilizotawaliwa na Ureno ambazo zinaendelea kukitumia: Angola, Msumbiji, Guinea-Bissau, Cabo Verde, na São Tomé na Príncipe. Ongezeni Guinea ya Ikweta, iliyokitia kwenye lugha zake rasmi, na Timor ya Mashariki kule Asia. Amílcar Cabral, aliyeongoza vita vya kumtoa Mreno Guinea-Bissau na akauawa Januari 1973 kabla ya kuona uhuru wenyewe, aliwaambia wapiganaji wake kwamba lugha ni miongoni mwa vitu bora ambavyo mkoloni angewaachia, kwa sababu ni chombo cha watu kuelewana na dunia. Huyo alisema akiwa na bunduki mkononi. Sisi tulio kwenye viti vya plastiki tunaweza kutulia kidogo.

Msumbiji, hasa, ni jirani ambaye tunamjua kwa masikio ya watu wengine. FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa nchi ile, kilizaliwa Dar es Salaam Juni 1962, na wapiganaji wake wengi wa zamani wanasema Kiswahili walichokipata Tanzania. Kaskazini ya nchi ile, Palma na Mocímboa da Praia, Kiswahili kinasemwa, na visiwa vya Quirimbas wana Kimwani, ambacho mtu wa Lamu akikisikiliza kwa utulivu atashika mengi. Wamakonde wa Kwale, waliotambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya mwaka 2017, mizizi yao ni kule. Na tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado, mkoa huo wa kaskazini, inaungua kwa vita. Miji ya pwani ya Waislamu, wavuvi, watu wenye majina kama yetu. Je, habari zao tunazipataje? Mwandishi wa pale huandika Kireno, shirika la Ulaya likageuza Kiingereza, sisi tukageuza Kiswahili. Mikono mitatu. Sijui kama kuna jambo linalonikera kuliko hilo katika kazi za habari za ukanda huu, na nimeshayataja mengi.

Kazi nitazipitia haraka. Umoja wa Afrika una lugha sita, na Kireno na Kiswahili zote zimo. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ilikuwa na Kiingereza, Kifaransa na Kireno, na mwaka 2019 ikaongeza Kiswahili. Maana yake mikutano inahitaji watu wa kugeuza kutoka Kireno kwenda Kiswahili moja kwa moja, na watu hao ni wachache. Mahakama ya Afrika iko Arusha. Gesi iko Rovuma, kaskazini mwa Msumbiji. Brazili ina mpango wa PEC-G, wa tangu miaka ya sitini, unaopokea wanafunzi kutoka nchi zinazoendelea katika vyuo vyake bila karo. Matumizi ya kila siku ni juu yako, na masharti myaulize ubalozini, msimwulize rafiki wa rafiki.

Sasa ugumu wake. Hapa nina habari njema ambayo walimu wangu kule hawakuwa nayo, kwa sababu hawakuwahi kumfundisha Mswahili. Darasani nilikaa na Wamarekani, na kuna jambo liliwatoa jasho muhula mzima: kitenzi kubadilika mwishoni unapotaka, unapoomba, unapoogopa. Sisi tunasema anasema, lakini nataka aseme. Irabu ya mwisho inatoka a inakuwa e. Kireno nacho: fala, anasema, quero que fale, nataka aseme. A inakuwa e, vile vile, katika kundi kubwa kuliko yote la vitenzi vyao. Nilipoliona nikafunga daftari nikaenda kula. Halafu upatanisho. Mwingereza anaona taabu kwamba nomino ikiwa ya kike au ya wingi, kila kivumishi kinaifuata. Mtu aliyekua akisema vitabu vyangu vizuri vimeanguka hatatishwa na jinsia mbili. Anazo ngeli za kutosha.

Kigumu ni sauti. Wana irabu zinazopita puani, kama ile ya pão, mkate, na mtu wa Lisbon huzimeza irabu zisizo na mkazo mpaka unadhani kakukasirikia. Sisi tunaozitamka irabu zote hadi ya mwisho tunataabika hapo. Kwa sikio langu, Kireno cha Msumbiji ndicho chepesi kwetu kukifuata, halafu cha Brazili. Anzeni na hicho, Lisbon itakuja.

Na kuna adabu. Mtoto wa pwani anajua hamwiti mzee wewe hivi hivi. Kireno kina tu, kina você, kina o senhor na a senhora. Brazili utasema você kwa karibu kila mtu. Ureno ukimwambia mzee você anaweza kukutazama kwa jicho baya. Mwanafunzi mwenzangu mmoja alilichukulia jambo hili kuwa mzigo wa kukariri. Mimi nililelewa na shikamoo, nikaona ni nyumbani.

Fasihi nitagusa moja tu, kwa sababu ni yetu. Luís de Camões alichapisha utenzi wake mkuu, Os Lusíadas, mwaka 1572. Huyu alikwama Kisiwa cha Msumbiji kwa muda, fukara, akiwa njiani kurudi kwao. Ndani ya utenzi ule Vasco da Gama anasimulia historia nzima ya Ureno, sehemu ya tatu, ya nne na ya tano, na anayekaa kumsikiliza ni mfalme wa Malindi. Wanafunzi wa Ureno huusoma shuleni, kwa hiyo jina la mji wenu wamelisikia kabla hawajajua Nairobi iko wapi. Sasa nyinyi ni watu wa tenzi. Lamu na Pate zimetunga tenzi ndefu zinazohesabiwa silabi mpaka leo. Nani atakayekaa na utenzi ule, ubeti kwa ubeti, amjibu Camões kwa Kiswahili upande wa yule mfalme aliyekaa kimya akisikiliza? Mimi siwezi, sina kipaji. Lakini nina hakika yumo humu.

La kutenda, basi. Ukipata chuo, uliza kama wanafundisha Kireno. Kama hawafundishi, usikae. Mashirika ya habari yapo: DW ya Ujerumani ina idhaa ya Kiswahili na idhaa ya Kireno kwa Afrika, RFI ya Ufaransa vile vile, na Umoja wa Mataifa unatoa habari kwa lugha zote mbili. Chukua habari moja, isome Kiswahili, kisha isikilize Kireno, bila kupitia Kiingereza hata kidogo. Fanya hivyo kila siku, angalau robo saa. Ukifika mahali, yako mitihani inayotambulika: ya CAPLE ya Chuo Kikuu cha Lisbon, ikiwemo CIPLE kwa wa ngazi ya chini, na Celpe-Bras kwa wanaotazama Brazili. Cheti hicho unakiweka kando ya shahada yako ya uuguzi au sheria, ndiyo somo la kando lenyewe, hata kama chuo chako hakina idara.

Wazazi, sikuombeni pesa zaidi. Nawaomba msimkataze. Akikaa na simu usiku anasikiliza Kireno cha Maputo, msidhani anapoteza muda. Mkague tu kwamba kweli ni Maputo.

Nitabaki hapa mpaka magharibi. Wanaotaka kuanza wavute viti mbele, nina habari moja ya leo kwa lugha mbili kwenye simu, tutaisoma pamoja. Wengine, maswali, na naomba kina mama waanze, maana mara ya mwisho tulipokutana hapa wanaume waliuliza mpaka muda ukaisha.